Daftari la Barafu

Kazi yangu ni kuandika namba.
Mabonge kumi na mawili, mkokoteni wa Bachal,
saa sita kasoro, mwezi wa sita,
Jacobabad, ambako hata kivuli kina homa.

Umeme ulikatika tangu alfajiri.
Mtambo wa kiwanda ulikuwa ukinywa dizeli ya mwisho,
na foleni ya wanawake wenye ndoo
ilikwishavuka reli,
kila mmoja na noti iliyolowa kiganjani.

Bachal amebeba barafu mgongoni, juu ya gunia,
miaka kumi na minane.
Watu humwonea kijicho: mgongo wake una kipupwe chake.
Naye huwajibu, "Mgongo, sawa. Na kichwa je?"

Siku ile alirudi kutoka safari ya tatu
akanisalimu kwa jina la Jurial,
kaka yangu aliyekufa.
Nikamsahihisha. Akamgeukia punda,
akamwita mama,
akamwomba ruhusa akaoge mferejini.

Tulicheka.
Naliandika hili kwa kuwa halimo daftarini: tulicheka,
mimi, fundi mitambo na wapakiaji,
tukasema Bachal leo kaonja kitu.

Hakuonja kitu. Hata maji.
Ndipo nikaliona shati lake.
Asubuhi lilikuwa limegandamana na mbavu;
sasa kavu, linapepea,
chumvi imechora ramani nyeupe kwapani.
Nami, msomi wa darasa la kumi, nikawaza:
afadhali, amepoa.

Jasho ni mbwa wa mlangoni.
Akinyamaza ghafla usiku
usidhani mwizi kaenda zake.

(Baadaye muuguzi aliniambia: wapo waangukao
wangali wanachuruzika.
Usiingoje ngozi ikauke, karani. Sikiliza maneno.
Mtu akianza kupotea ndani ya sentensi yake,
jua limeshaingia chumba cha ndani.)

Magoti yalimkunjika taratibu,
kama anayetafuta sarafu mchangani.

Sabhagi, bintiye, alikuwa foleni.
Akaacha ndoo, akamgusa baba shingoni,
akauondoa mkono upesi
kama aliyegusa sufuria.
Hakulia. Alisema, "Pasueni."
"Bonge lipi?"
"Yote."

Yale kumi na mawili yalikuwa ya harusi,
mtoto wa mwenye mashamba, yameshalipiwa.
Mungu anisamehe: nilitazama daftari.

Nilipoinua macho, shoka lilikuwa mkononi mwake,
miaka kumi na mitatu, kanda mbili miguuni,
na barafu ikiruka vipande kama vioo.
Tukamburuta Bachal ukutani penye kivuli,
tukamvua shati.
Barafu shingoni, kwapani, kinenani.
Wanawake wakaivunja foleni waliyoipanga tangu usiku,
wakammwagia ndoo baada ya ndoo
maji waliyoyanunua.
Mmoja akaleta kikombe kumtia kinywani;
Sabhagi akakizuia: "Hajijui. Yatamwingia mapafuni."
Nani alimfunza? Sikuuliza.
Mimi nilikuwa nampepea
kwa daftari.

Gari la hospitali lilichukua dakika arobaini.
Kwa saa yake mwenyewe, jua halikusogea.

Jioni ilibidi nifunge hesabu.
Mabonge kumi na mawili.
Safu ya mnunuzi nikaandika: Bachal.
Nalikatwa mshahara wa miezi miwili
na bado naona nilipunjiwa adhabu.

Yu hai. Hukaa langoni, juu ya kreti,
mikono ikimtetemeka kama mtambo ukianza kuwaka.
Mkokoteni anao Sabhagi; saa tano hadi saa kumi
haendi popote, nani amtukane.
Kuhesabu Bachal hawezi tena, hufika saba akarudia tatu.
Na siku nyingine, joto likipanda,
huniita Jurial.

Naitika.
Kisha nainuka na maji, namgusa shingo,
namwambia ahesabu vidole vyangu.